Mti umeota, lakini programu bado ina kosa

Andika faili yenye mstari mmoja tu, `return 5`, pasipo fanksheni yoyote ya kuuzunguka, kisha ipe moduli ya `ast` ya Python, inayogeuza maandishi ya programu kuwa mti, iisome. Haitasema kitu. `ast.parse("return 5")` inakurudishia mti uliokamilika: juu nodi ya `Module`, chini yake `Return`, na chini ya hiyo `Constant` yenye thamani 5. Sasa yapitishe maandishi yaleyale kwenye `compile()`. Hapo Python inagoma: `SyntaxError: 'return' outside function`.

Kazi yangu iko katikati ya hatua hizo mbili. Nilikabidhiwa kikaguzi cha mazoezi ya watu wanaojifunza kuandika programu. Mwanafunzi anatuma faili, mfumo unaisoma bila kuiendesha, kisha unamweleza kilichoharibika. Kila mgeni anayejiunga na kazi hii huuliza kwa nini tusiiachie Python yenyewe. Jibu ni kwamba `compile()` huishia kwenye kosa moja, na hilo moja si lazima liwe la juu kabisa kwenye faili. Python hujenga kwanza jedwali la majina ya vigeu, ndipo inaanza kuzalisha baitikodi, yaani maagizo itakayoyaendesha. Parameta mbili zenye jina moja hunaswa kwenye jedwali. `Return` iliyopotea hunaswa baadaye. Kwa hiyo faili yenye `return` iliyopotea kwenye mstari wa 3 na `def f(a, a)` kwenye mstari wa 40 italalamikiwa mstari wa 40 kwanza. Mwanafunzi anaurekebisha, anatuma tena, ndipo anaambiwa kwamba hata ule wa 3 una kasoro. Anaona kama anachezewa.

Sisi tulitaka makosa yote kwa mara moja, kwa mpangilio wa mistari, na kwa ujumbe unaoeleza. Njia ya kufika huko ni kuupitia mti wenyewe, nodi baada ya nodi.

Kabla ya kuingia mtini, kuna jambo ambalo lilinichukua muda kulikubali. Huwa tunasema "kosa la sintaksia" kana kwamba ni kitu kimoja chenye mpaka unaojulikana. Mabano yasiyofungwa na `break` iliyo nje ya kitanzi vyote hutoka na jina lilelile, `SyntaxError`, lakini vimekamatwa na askari wawili tofauti. Mabano yanakamatwa na kichanganuzi, yaani sehemu inayoyasoma maandishi kwa kufuata sarufi, na yakikosewa hakuna mti kabisa. `break` inakamatwa baada ya mti kuota.

Je, sarufi isingeweza kuikataa `break` hiyo moja kwa moja? Ingeweza. Unaandika kanuni za sentensi mara mbili, zilizo ndani ya kitanzi na zilizo nje. Halafu `return` nayo inadai mgawanyo wake, ndani ya fanksheni na nje, kwa hiyo zinakuwa nne. Ongeza `await`, ambayo inataka fanksheni ya `async`, na sarufi inazidi kuvimba huku kila kanuni ikiwa nakala ya mwenzake. Waandishi wa kiwango cha ECMAScript, yaani JavaScript, walitafuta njia ya kati. Kanuni zao zina vigezo, na `return` inaruhusiwa tu pale kigezo chake kimewashwa, hivyo inakataliwa na sarufi yenyewe. Lakini `break` wakaiacha: imo kwenye orodha ya makosa ya mapema, yale yanayokaguliwa baada ya kuchanganua na kabla ya kuendesha. Maneno mawili yanayofanana kwa tabia, ndani ya lugha moja, kila moja lina lango lake.

Python nayo imewahi kuhamisha lango. Hadi toleo la 3.8 kichanganuzi chake kilikuwa cha aina ya LL(1), kinachoamua kwa kutazama alama moja tu mbele, na sarufi ya namna hiyo haikuweza kusema vizuri ni kitu gani kinaweza kukaa upande wa kushoto wa alama ya `=`. Kwa hiyo `f() = 1` ilipita kwenye sarufi, ikaja kukataliwa wakati wa kujenga mti. Toleo la 3.9 lilileta kichanganuzi kipya cha PEG, kilichoelezwa kwenye PEP 617 (PEP ni hati rasmi za mapendekezo ya Python), na kosa hilo sasa linanaswa na kichanganuzi chenyewe. Toleo la 3.10 likaongeza hata pendekezo: pengine ulimaanisha `==`. Kwa mwanafunzi hakuna kilichobadilika isipokuwa ujumbe. Kwa anayeandika kikaguzi, ukaguzi mzima umeondoka mikononi mwake. Siku hizi nikikutana na kosa jipya swali langu ni moja: taarifa ya kulitambua inapatikana katika hatua gani? Jina lake halinisumbui tena.

Sasa mtini. Python inakupa njia mbili zilizo tayari. `ast.walk()` inakutolea nodi zote za mti, bila mpangilio ulioahidiwa na bila kukuambia nodi ipi iko ndani ya ipi. Inafaa kwa maswali yasiyohitaji muktadha: je, faili hii inatumia `eval` popote? Kwa `break` haifai kitu, kwa sababu `break` yenyewe haina kosa. Kosa liko kwenye mahali ilipo, na mahali ni habari ya njia uliyoifuata kutoka mzizini.

Njia ya pili ni `ast.NodeVisitor`. Unatengeneza klasi yenye mbinu kama `visit_For` na `visit_Break`, na kila aina ya nodi inaita mbinu yake. Usipoandika mbinu ya aina fulani, `generic_visit` inashuka kwa watoto wote wa nodi hiyo. Ukiandika, jukumu la kushuka ni lako, na ukilisahau tawi zima linabaki halijakaguliwa, kimya kimya.

Kikaguzi nilichokirithi kilifuata mtindo utakaoukuta mahali pengi. Kiliweka kihesabu, kikaongeza moja kila kinapoingia kwenye `For` au `While`, kikaita `generic_visit`, kisha kikapunguza moja. `break` ikionekana kihesabu kikiwa sifuri, ni kosa. Msimbo mfupi, unasomeka, na majaribio yaliyoandikwa nao yote yalipita. Kisha wanafunzi wakaanza kutuma faili za namna hii:

```python
for n in orodha:
    if n == lengo:
        print("ipo")
else:
    break
```

Mwanafunzi alikusudia `else` iwe ya `if`, ila ujongezaji ukateleza hatua moja kushoto. Python haioni kuteleza kokote. `for` inaruhusiwa kuwa na `else` yake, na sehemu hiyo hutekelezwa kitanzi kikimalizika bila kukatizwa. Kwa kuwa kitanzi kimekwisha, `break` iliyomo humo haina cha kukatiza, na `compile()` inaikataa. Kwenye mti, hata hivyo, orodha ya `orelse` ni mtoto wa nodi ileile ya `For`, sawa na `body`. `generic_visit` inashuka kote kuwili kihesabu kikiwa moja, na kikaguzi kinatangaza kwamba faili ni safi. Mwanafunzi anaiendesha faili "safi" na inamlipukia.

Kilichofuata ni kuandika ushukaji kwa mkono:

```python
def visit_For(self, nodi):
    self.visit(nodi.target)
    self.visit(nodi.iter)
    awali = self.ndani
    self.ndani = True
    for n in nodi.body:
        self.visit(n)
    self.ndani = awali
    for n in nodi.orelse:
        self.visit(n)

visit_AsyncFor = visit_For
```

Tazama mistari miwili ya mwisho ya mbinu hiyo. `orelse` inatembelewa baada ya hali ya awali kurudishwa. Kama kitanzi hiki kimo ndani ya kitanzi kingine, `break` ya kwenye `else` inahesabiwa kwa kile cha nje, ambavyo ndivyo Python inavyofanya.

Faida kubwa ilikuja kwenye ujumbe. Kompaila inasema tu kwamba `break` iko nje ya kitanzi, na mwanafunzi anakodolea macho kitanzi kilicho juu yake bila kuelewa anaambiwa nini. Sisi tunajua zaidi: tumeifikia `Break` kupitia `orelse` ya `For`. Basi tunamwambia, "Hii `else` imejongezwa sawa na `for`, kwa hiyo ni ya `for`. Ulitaka iwe ya `if`? Isogeze kulia." Kama ningeulizwa kwa nini mtu ajisumbue kuupitia mti ilhali kompaila ipo, ningeutaja ujumbe huu na kunyamaza.

Shimo jingine la kihesabu ni fanksheni iliyoandikwa ndani ya kitanzi. Mwili wake ni ulimwengu mwingine; `break` iliyomo ndani ya `def` haiwezi kukifikia kitanzi kilicho nje, na hali ni hiyohiyo kwa mwili wa klasi. Kwa hiyo ukiingia kwenye `FunctionDef`, `AsyncFunctionDef` au `ClassDef`, unaweka hali mpya kabisa, na ukitoka unairudisha ya zamani. Hili wengi hulikumbuka. Wasilolikumbuka ni kwamba si kila mtoto wa `FunctionDef` yumo ndani ya fanksheni:

```python
@pamba(kipimo)
def f(x=(yield)):
    pass
```

Kipambo kilicho juu ya `def`, pamoja na thamani za awali za parameta, hukokotolewa nje, wakati fanksheni inapoundwa. `yield` hii ni ya yule anayeizunguka `f`. Ikiwa `f` iko kwenye ngazi ya moduli, ni kosa la sintaksia, ingawa kwa macho imekaa ndani ya mabano ya `f` na kwenye mti ni mjukuu wa nodi ya `f`. Orodha za vielewano (list comprehension) ni hivyohivyo: katika `[x for x in chanzo]`, `chanzo` cha kwanza kabisa hukokotolewa nje, na kilichobaki kina mawanda yake. Tangu toleo la 3.8 `yield` hairuhusiwi ndani ya orodha ya namna hiyo, isipokuwa hapo kwenye chanzo cha kwanza.

Kwa hiyo undugu wa nodi mtini hautoshi kukuambia nani yuko ndani ya nani. Mti unaonyesha jinsi maandishi yalivyopangwa. Ni wewe unayejua ni mtoto yupi anavuka mpaka na yupi anabaki nje, na ujuzi huo unaupata kwa kuisoma nyaraka ya lugha mbinu kwa mbinu. Sijaona njia ya mkato.

Ukishaanza kushuka kwa mkono utakutana pia na `None` mahali usipoitarajia. Orodha ya `kw_defaults` huweka `None` kwa kila parameta ya jina isiyo na thamani ya awali, na `keys` za `Dict` huweka `None` palipo na `**`. `generic_visit` huziruka. Kitanzi chako cha `for` hakiziruki, na `self.visit(None)` inaangusha kikaguzi kizima kwa `AttributeError`.

Nilipohamia upande wa JavaScript nilikutana na kinyume cha haya yote, yaani makosa ambayo mti wa dhahania hauwezi kuyaona hata uupitie mara ngapi. Andika `-x ** 2`. Tangu alama ya kipeo, `**`, ilipoingia mwaka 2016, JavaScript huikataa sentensi hiyo kwa sababu haieleweki kama unataka hasi ya mraba au mraba wa hasi. Andika `(-x) ** 2` na inakubalika. Sasa chora mti wa ile inayokubalika: kipeo, kushoto kwake hasi ya `x`, kulia kwake 2. Mabano hayamo. Yameshafanya kazi yake ya kupanga matawi, yakatupwa. Kichanganuzi kizembe kikiipokea ile ya kwanza kwa maana hiyohiyo, mti wake utakuwa huohuo, na hakuna ukaguzi wa baadaye utakaozitenganisha. Alama ya `??`, iliyoingia mwaka 2020, ina kisa hichohicho: `a ?? b || c` ni kosa, `(a ?? b) || c` si kosa. Ukaguzi wa namna hii lazima ufanywe na kichanganuzi, mabano yakiwa bado mkononi mwake.

Kuna kisa kimoja ambapo waliobuni muundo wa mti waliliona tatizo mapema. Mstari wa `"use strict"` ulio mwanzoni mwa faili hubadilisha sheria: `delete x`, kwa mfano, inageuka kuwa kosa la sintaksia. Lakini `("use strict")` iliyofungwa kwa mabano ni maandishi tu, haina nguvu yoyote. Ndiyo maana ESTree, muundo wa mti unaotumiwa na zana nyingi za JavaScript, unaiwekea sentensi ya kwanza sehemu yake maalum iitwayo `directive`. Ukiandika kikaguzi kinachotazama maandishi yenyewe badala ya sehemu hiyo, utawasha sheria kali kwenye faili ambayo haikuziomba.

Suala la mahali pa kosa nitalipitia haraka, ingawa limenipotezea muda kuliko yote haya. Katika Python, `lineno` huanza kuhesabu kutoka 1 na `col_offset` kutoka 0. Tena `col_offset` huhesabu baiti za UTF-8, haihesabu herufi. Kwenye mstari `x = "café"; break`, mbele ya `break` kuna herufi 12, lakini `col_offset` yake ni 13, kwa kuwa é inachukua baiti mbili. `SyntaxError` yenyewe ina `offset` inayoanza kutoka 1. Vihariri vinavyozungumza kwa LSP, itifaki ya kuunganisha vihariri na zana za lugha, huhesabu mistari kutoka 0, na safu kwa vipande vya UTF-16 wasipokubaliana vingine, hivyo kijipicha kimoja cha tabasamu ni baiti nne upande mmoja na vipande viwili upande wa pili. Ubadilishaji wote uwe sehemu moja ya msimbo, mwisho kabisa, kabla ujumbe haujatoka. Ukiutawanya utajikuta unaongeza na kupunguza moja moja hadi mstari mwekundu ukae panapostahili kwenye faili uliyo nayo mbele, na usikae kwenye faili nyingine yoyote.

Kina cha mti nacho. Programu iliyoandikwa na mashine inaweza kuunganisha mamia ya vipande vya maandishi kwa alama ya `+`, na kila `+` inasukuma mti ngazi moja chini upande wa kushoto. `NodeVisitor` hutumia miito miwili kwa kila ngazi, `visit` na `generic_visit`, na kikomo cha kawaida cha Python ni miito 1000. Karibu na alama 500 unapata `RecursionError`, na faili ya mtu haina kosa lolote. Tunaikamata, tunasema faili ina kina kupita uwezo wetu, tunaendelea.

Hadi hapa nimeongea kana kwamba mti upo. Kwa wanaojifunza, mara nyingi haupo. Mabano moja yakisahaulika, `ast.parse` inatupa kosa na hakuna nodi hata moja ya kuitembelea. Kutoka hapo unahitaji kichanganuzi kinachovumilia, kinachokwenda mbele hata kikijikwaa, na lugha nyingi zinavyo. Maktaba ya Go huacha nodi za `BadExpr`, `BadStmt` na `BadDecl` pale iliposhindwa kuelewa. Kompaila ya Java ina `ErroneousTree`. Sisi tulichagua Tree-sitter, iliyojulikana kupitia kihariri cha Atom, ambayo huweka nodi ya `ERROR` kuzunguka maandishi yaliyoishinda, na nodi yenye alama ya `MISSING` pale inapokisia kwamba kuna kitu kidogo kimesahaulika, kama mabano ya kufungia. Mti wake ni wa maandishi yote, mabano na mikato ikiwemo, kwa hiyo hata kile kisa cha `-x` kinaonekana.

Kuutembelea mti wa namna hii ni rahisi kwa mikono. Kila nodi inajua kama ndani yake kuna kosa, kwa hiyo matawi yaliyo safi unayaruka bila kuyafungua, na faili ya mistari elfu inapitiwa kwa hatua chache. Ugumu uko kwenye kuamua useme nini. Fikiria hii:

```python
def jumla(orodha:
    t = 0
    for n in orodha:
        t += n
    return t
```

Kosa ni moja: mabano hayakufungwa. Lakini kichwa cha fanksheni kikimezwa na nodi ya `ERROR`, `def` haihesabiki tena kama fanksheni, na `return` inaweza kubaki ikining'inia chini ya mzizi. Kile kikaguzi chetu cha muktadha, kilichofanya kazi kwa uaminifu kwenye mti mzima, sasa kinamwambia mwanafunzi kwamba `return` iko nje ya fanksheni. Anaangalia juu, anaiona `def` kwa macho yake. Hapo ndipo mtu anapoacha kuuamini mfumo, na imani hiyo ikishapotea hasomi hata ujumbe ulio sahihi.

Tuliweka kanuni kali kuliko wenzangu wengine walivyopenda. Nodi ikiwa na `ERROR` popote kati ya wazazi wake, au kabla yake chini ya mzazi mmoja, makosa yote ya muktadha kwenye nodi hiyo yananyamazishwa. `ERROR` zilizomo ndani ya `ERROR` hazitangazwi. Tunatangaza ile ya nje, na tunaonyesha mwanzo wake. Ndiyo, kuna makosa ya kweli yanayokosa kutajwa katika duru ya kwanza, na lile lengo letu la kutaja yote kwa pamoja linachechemea. Bado ningechagua hivyohivyo. Ujumbe mmoja wa kweli unasaidia kuliko rundo ambalo nusu yake ni kivuli cha ule mmoja. Hata Python tangu 3.10 imeelekea huko: kwa faili hiyo ya juu inasema `'(' was never closed` na kukuelekeza kwenye bano lenyewe, palipo na chanzo.

Kupima kikaguzi cha aina hii ni jambo la starehe, kwa sababu hakimu yupo na hachoki. Kila faili tunaipitisha kwa kikaguzi na kwa `compile()`. Kimoja kikikubali na kingine kikikataa, kuna kazi. Msimbo wa CPython, yaani Python rasmi, wenyewe una faili iitwayo `test_syntax.py`, iliyojaa sentensi mbovu za kila namna pamoja na ujumbe unaotarajiwa, na sijui hazina nyingine ya bure iliyo bora kwa anayefanya kazi hii. Huko ndiko utakutana na vituko kama kikomo cha vizuizi vilivyopandana. Kwa miaka mingi Python ilikataa `for`, `while`, `with` na `try` zikizidi 20 moja ndani ya nyingine, lakini `if` haikuhesabiwa.

Matoleo mapya hayaji na mlio wa tahadhari. Toleo la 3.11 lilileta `except*`, ya kukamata makosa kadhaa yaliyofungwa pamoja, na mti wake ni nodi mpya, `TryStar`. Kikaguzi chenye `visit_Try` hakiitwi kabisa kwenye nodi hiyo. Ni `generic_visit` inayoipokea na kupita. Tulichoweka ni jaribio moja linaloorodhesha aina zote za nodi zilizomo kwenye moduli ya `ast` na kuanguka likikuta ambayo hatujaamua tuifanyie nini.

Na `except*` ndiyo iliyoliua lile tegemeo la hali ya ndiyo au siyo. Python hairuhusu `break`, `continue` wala `return` zitoke nje ya kizuizi cha `except*`. Zitoke nje, ndiyo hoja. Kitanzi kikiwa ndani ya `except*`, `break` yake ni halali kwa sababu haivuki. Kitanzi kikiwa nje, ni kosa. `self.ndani = True` ni ileile katika hali zote mbili, kwa hiyo unahitaji kujua nani alitangulia. Hapo tukabadili kuwa rundo la fremu, orodha inayokumbuka tumeingia wapi na kwa mpangilio upi:

```python
def visit_Break(self, nodi):
    for fremu in reversed(self.rundo):
        if fremu == "kitanzi":
            return
        if fremu == "except*":
            self.kosa(nodi, "break haiwezi kutoka nje ya except*")
            return
        if fremu in ("fanksheni", "klasi"):
            break
    self.kosa(nodi, "break haina kitanzi cha kukatiza")
```

`visit_Return` inasoma rundo hilohilo kutoka juu kwenda chini, ila haisimami kwenye kitanzi. Inakwenda hadi ikutane na fanksheni, na ikikuta `except*` njiani inaripoti. Ndiyo maana ndani ya `for` iliyo ndani ya `except*`, `break` inapita na `return` inakataliwa, mistari miwili iliyokaa bega kwa bega.

Toleo la 3.14 lilipoanza kutoa onyo kwa `return`, `break` na `continue` zinazotoka nje ya `finally`, kama ilivyopangwa kwenye PEP 765, rundo lilikuwa tayari. Tuliongeza fremu iitwayo "finally", tukairuhusu iendelee kushuka baada ya kutoa onyo badala ya kusimama, kwa sababu chini yake bado panaweza kuwa hapana kitanzi kabisa, na hilo ni kosa kamili, si onyo.